Bwawa Waliloliita Ziwa

Tangazo lilisema hivi: nyumba ya vyumba vinne, imekarabatiwa upya, mandhari ya ziwa, maisha ya utulivu, dakika chache tu kutoka mjini Eldoret. Nimelisoma mara nyingi mpaka nimelikariri kama aya ya kumbukumbu ya shule ya Jumapili, na kila nikifika kwenye neno ziwa hasira inanipanda upya. Ziwa gani? Lile ni bwawa. Lilichimbwa na mzungu aliyekuwa na shamba pale zamani ili ng'ombe wake wapate maji, na alipoondoka likabaki kuwa la ng'ombe wetu na bata na mbu, na la matope yanayonuka wakati wa kiangazi. Sijawahi kumsikia mtu wa kwetu akisema anaenda ziwani. Tulisema tunaenda bwawani, na tulichapwa tukienda.

Na hayo maisha ya utulivu, ningependa nionyeshwe mtu aliyeyaishi pale. Si mama yangu. Mama alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na baba alipofariki nikiwa bado shule ya msingi, alibaki na watoto wawili, ng'ombe watatu na ekari moja. Aliamka kungali giza akakamua, akatupikia chai, akashika njia ya shule kwa miguu, akarudi jioni na mfuko wa madaftari ya kusahihisha. Alisahihisha akiwa jikoni, kalamu nyekundu mkono mmoja, mwiko mkono mwingine. Sikumbuki hata siku moja nikimwona ameketi varandani akitazama maji.

Angeyatazama vipi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyaficha? Kabla sijazaliwa mtoto wa jirani alizama bwawani humo, na wiki hiyo hiyo mama alianza kupanda ua wa kayaba kufunga upande wote wa chini wa boma letu. Kayaba ina miiba mirefu kama sindano ya kushonea magunia. Ng'ombe hapiti, mwizi hapiti, mtoto ndiyo kabisa. Ulikua mpaka ukampita mtu mzima kimo, na kila mwaka mvua zilipoisha mama aliukata kwa panga, mikono yake ikiwa imejaa mikwaruzo ambayo watoto wa darasa la tatu walimwuliza imetoka wapi. Kutoka nyumbani kwetu ungesikia vyura usiku kucha, lakini maji huyaoni. Alihangaika miaka yote hiyo tusiyaone yale maji, ndiposa nakasirika nikikumbuka kwamba walichokuwa wakiuza ni yale maji.

Nianze mwanzo, kwa sababu nina sehemu yangu katika jambo hili, na sehemu hiyo ndiyo inayonichoma.

Mama alipata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa ameficha kwa muda mrefu, akijifanya anasoma Biblia kumbe anakariri, mpaka siku moja alipoanguka kando ya hori la ng'ombe akalala pale hadi mteja wake wa maziwa alipokuja na kumwinua. Hapo ndipo ndugu yangu alipoingilia kati. Tuko wawili tu, yeye mkubwa, mimi mdogo. Yeye ni mfanyabiashara, anaishi Elgon View katika nyumba kubwa yenye geti linalojifungua lenyewe. Alisema mama atapasuliwa jicho moja Desemba na la pili Januari, na katika muda wote huo atakaa kwake. Ng'ombe wakauzwa. Na wakati mama hayupo, akasema, yeye atairekebisha ile nyumba ya bwawani. Paa lilikuwa linavuja kweli, rangi ilikuwa inabambuka kweli, na vumbi la ujenzi lingemdhuru mtu aliyetoka kupasuliwa macho. Kila neno lilikuwa la maana. Nilimsifu. Niliwaambia wateja wangu dukani kwamba nina ndugu mwenye moyo, yaani nilijigamba kwa mdomo huu huu.

Mama naye alifurahi kuliko sisi sote. Tangu nimjue hajawahi kufanyiwa kitu cha anasa. Kila nilipompelekea maziwa lala huko Elgon View alikuwa ameketi kwenye kochi na miwani myeusi, akinieleza jinsi atakavyopanga nyumba yake akirudi. Kitanda kitakaa huku, meza ile pale. Paa likipigwa vizuri atanunua tangi la pili la maji. Wifi yangu, mke wa ndugu yangu, alikuwa akisikia yote hayo akiwa anapanguza vumbi kwenye runinga. Hakusema kitu. Wakati ule niliona ni heshima.

Sasa ile karatasi. Mimi nina duka la kufuma sweta za shule mjini, na naishi Kapsoya. Anayeijua kazi hii anajua Januari ni mwezi wa wazimu. Wazazi wanasubiri mlangoni, mwingine anataka sweta ya maruni, mwingine ya kijani yenye mstari mweupe, mashine inakatika uzi, na kila mtoto anafungua shule kesho. Katikati ya fujo hiyo mtu wa boda boda akaniletea bahasha ya kaki kutoka kwa ndugu yangu, naye akanipigia simu.

"Siste, peleka hiyo kwa Mama atie sahihi. Mimi niko Nakuru, na contractor anaingoja kesho asubuhi."

"Ni ya nini?"

"Mambo ya fundi tu. Rangi, paa, hizo vitu. Chini nimeweka alama na penseli mahali atasign. Na wewe usign hapo kwa witness."

Nilienda saa ya chakula cha mchana. Mama alikuwa amepasuliwa jicho la pili juzi yake tu. Lilikuwa limefunikwa kwa ngao ya plastiki, na daktari alikuwa amemkataza kabisa kusoma. Nilimwambia nimeleta karatasi ya fundi.

"Nisomee," akasema.

"Mama, ni ya rangi na paa tu."

"Nisomee yote. Mtu hatii sahihi kwa kitu hajasoma."

Huyu ni mwanamke aliyewafundisha nusu ya watu wa pale kwetu kusoma, mimi nikiwamo. Darasani kwake mimi sikuwa binti yake, na nikikosa neno nilisimama mbele ya wenzangu mpaka nilipate. Kitu alichoomba siku hiyo kilikuwa kidogo sana. Nami nilikuwa na watu wanane dukani wananingoja.

"Ni ndefu, Mama. Ni Kiingereza cha mawakili, hakina maana. Nina watu dukani."

Akanyoosha mkono, nikampa kalamu. Nikakishika kidole chake nikakiweka juu ya alama ya penseli. Akaandika jina lake lote, majina matatu, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, bila kuona. Mimi nikatia sahihi yangu chini yake kama shahidi, nikairudisha karatasi kwenye bahasha, nikakimbia. Sikuwa nimesoma hata mstari mmoja.

Niliyaelewa yote Machi, mvua zikianza. Mteja mmoja, mama wa Langas aliyekuja kuchukua sweta, alikuwa akingoja huku akiangalia picha kwenye simu. Akacheka peke yake.

"Wee, angalia vile watu wanaishi. Si hapa Eldoret hapa? Siwezi hata ota hii nyumba."

Akanigeuzia simu nione. Niliona ukuta wa kijivu, varanda yenye viti viwili vyeupe, na nyuma yake maji ya buluu. Bwawa lile halijawahi kuwa la buluu tangu dunia iumbwe. Sikuitambua nyumba. Nilichotambua ni mkaratusi uliopasuliwa na radi, wenye vichwa viwili, unaosimama ng'ambo ya bwawa. Nikamwomba ile simu. Picha ya pili ilikuwa ya sebule, na kwenye rafu walikuwa wamepanga vibuyu vya mama vya mursik, yaani maziwa ya kugandisha, vile alivyovikausha kwa moshi na kuvisugua kwa mkaa miaka yote, na ndani ya kimoja wamechomeka nyasi kavu kama maua. Chini ya picha ndipo palipokuwa na lile tangazo. Inauzwa.

Nilimpigia ndugu yangu hapo hapo, mbele ya mteja. Sikumbuki nilianza na maneno gani, ila hayakuwa ya kanisani.

"Siste, usinipigie kelele," akasema. "Ng'ombe hakuna. Mama macho ndiyo hayo. Alianguka akalala chini masaa mangapi? Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini!"

"Basi. Na mimi niko kazini. Nani ataishi naye huko? Wewe? Hapa kwangu ana chumba chake, ana msichana wa kazi, hospitali iko karibu."

"Umemwuliza?"

"Tutamwambia pole pole. Na kabla uendelee kunitusi, kumbuka aliniruhusu kuuza. Alisign. Shahidi ni wewe."

Nilikata simu. Nikamfumia yule mama sweta ya mwanawe na kiwiko kikatoka kimepinda, ikabidi niifumue. Nilimkasirikia ndugu yangu hadi nikaona giza, lakini chini ya hasira hiyo kulikuwa na nyingine iliyokuwa ikiniangalia mimi, na hiyo sikutaka kuigusa. Ni kweli sikuwa nimekanyaga kwa mama mwezi mzima kabla hajaanguka.

Jioni nilienda Elgon View nimekata shauri kumwambia. Nilimkuta bila miwani myeusi. Macho yake yalikuwa yamepona, angavu kama ya mtoto, na alikuwa akisoma gazeti kuukuu la kufungia nyama kwa sababu tu anaweza kulisoma. Akanivuta karibu akanong'ona.

"Ndugu yako ananiambia ningoje, eti rangi bado inanuka. Mimi nimenusa chaki miaka thelathini, rangi itanifanya nini? Nimeongea na akina mama wa kanisa. Jumamosi tunaenda kuiombea nyumba. Usimwambie. Nataka akuje akute tumeshaibariki, ashtuke."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Kinywa kilikuwa wazi. Lakini alikuwa amenishika mkono, akinieleza nani atabeba mandazi na nani atabeba sufuria, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu baba afe. Nikasema sawa, Mama. Nikajiambia kwamba heri aone mwenyewe, kwamba watu wakiwa wengi ndugu yangu ataona haya. Huo ni uongo niliojipikia. Ukweli ni kwamba niliogopa, kwa sababu angeniuliza kuhusu karatasi.

Jumamosi tulifika saa nne asubuhi, akina mama kumi na saba wenye vitambaa vyeupe kichwani, mchungaji mmoja, na mimi. Geti lilikuwa wazi. Baadaye nilijua kwa nini: broka aliyepewa na ndugu yangu kazi ya kuiuza nyumba alikuwa ameliacha wazi kwa ajili ya wanunuzi wa saa tano.

Mama aliingia wa kwanza. Akasimama. Jua la asubuhi lilikuwa limeligonga bwawa, na mwanga wote ukamjia machoni, yale macho mapya, mpaka akaweka kiganja usoni. Ua wa kayaba haukuwepo. Ulikuwa umekatwa wote, na visiki kung'olewa, na mahali pake wamepanda nyasi za kununua, zile za vipande vipande kama zulia. Kutoka varandani mtoto angeweza kutembea hadi majini bila kujikwaa.

"Nani amekata ua wangu?" akauliza.

Akazunguka nyuma ya nyumba, nasi tukamfuata. Jiko lake la nje, lile la matope lenye masizi, lilikuwa limebomolewa. Palipokuwa jiko palikuwa pametandazwa vitofali vya kabro, vyekundu na vyeusi, safi, na chungu kimoja cha maua.

"Na jiko langu liko wapi?"

Mama mmoja wa kanisa akasema kwa sauti ya kupoza mambo kwamba siku hizi watu wanapikia ndani, na kweli ndani mlikuwa na jiko la gesi linalong'aa, lakini halikuwa na mtungi. Lilikuwa la kupigwa picha tu. Mama aliingia sebuleni, akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akakishusha kile kibuyu, akazichomoa zile nyasi kavu moja moja na kukinusa ndani. Kisha akatoka nje nacho kwapani.

"Wageni hawawezi kukaa bila chai," akasema. "Leteni mawe."

Nitakufa nikiikumbuka picha hiyo kwa raha. Wale akina mama walitafuta mawe matatu kwenye kifusi cha jiko lililobomolewa, wakayapanga katikati ya kabro mpya, wakawasha kuni, wakateleka sufuria kubwa. Moshi ukapanda ukaulamba ule ukuta wa kijivu. Kabro ikaanza kuwa nyeusi. Kila cheche ilipodondoka nilisema moyoni, ongeza.

Chai ilikuwa imechemka na mchungaji alikuwa amesimama kuomba wakati magari mawili yalipoingia. Katika la kwanza walikuwamo ndugu yangu na broka, kijana wa viatu vilivyochongoka. Katika la pili walikuwamo mume na mke, watu wazima, wamevaa vizuri. Walikuja kuangalia nyumba kwa mara ya pili. Ndugu yangu aliona moshi, akaona vitambaa vyeupe, akamwona mama, na nadhani kama si ule mkono wa mchungaji uliokuwa umeinuliwa juu angegeuza gari. Lakini kwetu hukatizi maombi. Hata mwizi hungoja Amina. Akasimama akavua kofia, na wale mume na mke, wakidhani ni majirani wamekuja kuwakaribisha, wakainamisha vichwa kwa adabu.

"Baba," mchungaji akaomba, "tunaweka nyumba hii mikononi mwako. Mwenye nyumba hii aishi humu siku zake zote. Asihamishwe na mtu, asisumbuliwe na mtu!"

"Amina!" akaitikia yule mnunuzi, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ndugu yangu hakuitikia. Broka alikuwa akiangalia viatu vyake.

Mama aliwapokea wale wageni kama anavyopokea mtu yeyote. Akawapa viti, vile viti viwili vyeupe, akawamiminia chai kwa mkono wake, akawapa mandazi. Aliwauliza wametoka wapi na watoto wako wangapi. Alidhani ni marafiki wa mwanawe. Yule mke alikuwa mtu mzuri, sina kinyongo naye. Akashika kikombe kwa mikono miwili akasema:

"Mama, tunashukuru sana. Tumezunguka mahali pengi lakini hapa tumesikia amani. Na vile umekubali kutuuzia na roho safi, hata kutuombea, Mungu akubariki."

Nilisikia kuni zikipasuka.

"Kuwauzia nini?" mama akauliza.

Yule mke akamtazama mumewe, mumewe akamtazama broka. Broka, maskini, alikuwa kijana wa kufuata kanuni. Akafungua faili akatoa nakala. "Si hii hapa, Mama? Ni sahihi yako."

Mama akaichukua. Alikuwa amekatazwa kusoma mpaka wiki ile tu. Akaisogeza mbali kidogo, akaisogeza karibu, akapata mahali. Kisha akaanza kuisoma kwa sauti. Sentensi moja kwa Kiingereza, halafu anaitafsiri kwa Kiswahili, hivyo hivyo alivyokuwa akiwasomea wazazi barua za mwalimu mkuu. Mimi mwenye nyumba hii na ekari yake moja. Nimempa mwanangu ruhusa ya kuuza kwa niaba yangu. Kwa hiari yangu, bila kulazimishwa. Nyumba itakabidhiwa ikiwa tupu. Hilo la mwisho alilisoma mara mbili. Akina mama walikuwa wameanza kuguna, mmoja akasema Mungu wangu, na mwingine akamgeukia mnunuzi akamwambia, "Na wewe umesema Amina." Yule bwana akaweka kikombe chini.

"Mama, sisi hatukujua," akasema. "Haki ya Mungu."

"Najua hamkujua. Malizeni chai."

Ndugu yangu akasogea. "Mama, ni kwa faida yako. Huku uko peke yako."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo maana mtu huulizwa," akasema mama, na hakupandisha sauti. "Ukinionea huruma, niulize. Hii umefanya si huruma."

Akarudi kwenye karatasi. Alikuwa bado hajafika chini. Nilimwona macho yakishuka, yakapita jina lake mwenyewe, yakafika kwenye jina la chini. Hakulisoma kwa sauti. Akainua kichwa akanitafuta katikati ya vile vitambaa vyeupe, na mimi sikuwa na kitambaa, kwa hiyo hakuchukua muda.

"Ni hii uliniletea?"

"Ndiyo, Mama."

"Uliniambia ni rangi na paa."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umesoma?"

Ndugu yangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Ningeweza kumnyooshea kidole, na ingekuwa haki. Alinidanganya, ndiyo. Kila mtu pale angenihurumia, na wale akina mama wangemrarua kwa maneno mpaka leo. Nilifungua mdomo nimwage yote. Lakini swali halikuwa hilo. Swali la mwalimu hujibiwa lilivyoulizwa.

"Hapana, Mama. Sikusoma."

Akatingisha kichwa taratibu, kama anayepokea daftari la mtoto aliyemtegemea. Hasira niliyokuwa nayo kwa ndugu yangu, kwa broka, kwa kabro, kwa yale maji ya buluu ya uongo, yote ikaniacha pale pale, nikabaki na ile moja niliyokuwa nimeikwepa tangu siku ya picha. Ningependa kusema nililia. Sikulia. Nilisimama tu, miaka arobaini na sita, kama nimekosa neno ubaoni.

Mama akaomba kalamu. Mchungaji akampa ya kwake. Akaiweka karatasi juu ya mgongo wa sufuria nyingine iliyopinduliwa, karatasi ikawa inashika masizi pembeni, akaandika kwa upana juu ya maneno yote ya wakili, kwa mwandiko wa ubaoni: Sikusomewa. Siuzi. Akatia sahihi yake, majina yote matatu. Akamwambia ndugu yangu ailete ile karatasi yenyewe, si nakala, Jumatatu, nayo aiandike hivyo hivyo. Kisha akanipa mimi kalamu na karatasi.

"Weka sahihi ya shahidi," akasema. "Safari hii soma kwanza."

Nikasoma. Yalikuwa maneno mawili tu, na nilichukua muda mrefu kuliko karatasi yoyote niliyowahi kusoma. Nikatia sahihi.

Wale wanunuzi waliondoka wameshukuru chai. Ndugu yangu aliileta karatasi Jumatatu, na tangu hapo tunaongea kwa salamu tu, na mimi sijamaliza kumkasirikia wala sina haraka ya kumaliza. Mama yuko kwake bwawani. Nimempata msichana wa kukaa naye, nami huenda kila Jumapili baada ya kanisa, sweta zikae. Ukuta bado una doa la moshi na amekataa lipakwe rangi. Amechimba mashimo upande wa chini akapanda miche ya kayaba, mifupi bado, haijafika hata goti, na anainywesha maji kwa kikombe.

Ana heshima na mimi kama zamani. Hunipa chai, huniuliza habari za duka, hucheka. Ila wiki iliyopita nilimpelekea dawa ya macho aliyoandikiwa na daktari, nikamwambia ni tone moja asubuhi na moja jioni. Akasema asante. Kisha akaigeuza ile chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kuisoma mwenyewe karatasi iliyobandikwa juu yake, herufi zile ndogo zote, juu hadi chini, mimi nikiwa nimeketi hapo mbele yake nangoja.